Njia ya kutoa pesa imefungwa: mtaji wako wa poka ukae saiti, waleti, kripto ama M-Pesa?

Wiki tatu nyuma nilifunga kibanda baada ya Isha, nikafika nyumbani Maweni, nikafungua laptop nikaingia kwenye saiti ninayochezea poka, na kule kwenye ukurasa wa kutoa pesa ambako siku zote kulikuwa na alama tano nikakuta zimebaki mbili. Waleti niliyoitumia miaka minne, ile akaunti ya mtandaoni ya kupitishia pesa, haipo. Kadi haipo, ile nyengine ya tatu ambayo sikuwahi kuitumia nayo pia haipo, kumebaki benki ya nje na kripto, zile sarafu za kidijitali, basi. Nikawaandikia, nikajibiwa sentensi moja kwamba njia hiyo haipatikani tena katika nchi yangu. Na mle ndani nilikuwa na dola 412 nilizozijenga senti kwa senti.

Tangu hapo jamaa wa hapa Malindi na Watamu wanaocheza wananiuliza wafanyeje manake wengine nao yamewakuta, alafu kila mmoja anaambiwa lake, huyu anaambiwa hamia kripto, yule anaambiwa acha tu mle pesa haiozi. Kwa hiyo nimekaa nikazilinganisha njia zote nilizozijaribu ama kuzichunguza, na nitasema wazi ipi naiamini na ipi siitaki.

Kwanza vile ninavyohesabu. Mie ni wakala wa M-Pesa, na wakala ana pesa sehemu mbili, floti kwenye simu na keshi kwenye droo. Ukiwa na floti ya laki na droo iko tupu, mteja akija kutoa elfu tano unamwambia nenda kwa jirani. Laki ni yako kweli ila saa hiyo haikusaidii kitu. Sasa mtaji wa poka nao uhesabu hivyo hivyo. Zile dola unazoziona kwenye skrini ni floti, keshi ni ile unayoweza kuitoa ikafika kwenye laini yako ndani ya wiki, na ukitaka kuirudisha mezani ikarudi. Usiku ule mie floti yangu ilikuwa 412 na keshi yangu ilikuwa sufuri, na nilikuwa nimekaa meza za dola 10 nikijiona niko salama kwa sababu nina viingilio 41, yaani naweza kuketi na dola 10 mara 41.

Tuanze na kuiacha kwenye saiti, manake ndo watu wengi wanachofanya bila hata kuamua. Uzuri wake upo. Hukatwi kitu, hubadilishi hela, na kama kucheza bado wanakuruhusu unaendelea tu kama jana. Ubaya ni kwamba hapo umeikopesha ile kampuni, na huoni wameihifadhi vipi. Wachezaji wa Marekani waliliona hili 15 Aprili 2011, siku wenyewe wanayoiita Ijumaa Nyeusi, serikali yao ilipofunga saiti za poka za PokerStars, Full Tilt na Absolute Poker kwa mpigo mmoja. PokerStars ilikuwa imetenga pesa za wachezaji mbali na pesa za kampuni, Wamarekani wakaanza kulipwa mapema tu. Full Tilt ilikuwa inadaiwa na wachezaji kama dola milioni 390 na benki ilikuwa na kama milioni 60. Watu walisubiri. PokerStars ndiyo iliyokuja kuichukua Full Tilt 2012 katika makubaliano na serikali, wa nchi nyengine wakafunguliwa akaunti Novemba mwaka huo, Wamarekani wenyewe malipo yalianza Februari 2014. Karibu miaka mitatu!

Na nikumbushe hapa, yule Chris Ferguson aliyejulikana kwa kuupandisha mtaji kutoka sufuri mpaka dola 10,000, na ile sheria yake ya kutoketi meza ya pesa (ile unayoingia na kutoka na pesa yako wakati wowote, si tonamenti) na zaidi ya 5% ya mtaji ambayo wengi wetu tuliisoma tukaifuata, alikuwa mmoja wa wakurugenzi wa hiyo hiyo Full Tilt. Yaani kuna watu walikuwa na nidhamu ya mezani asilimia mia, hawakuvunja sheria hata moja, na bado pesa ilikwama kwa sababu ya mahali ilipolala.

Msidhani ni mambo ya ng'ambo tu. Julai 2019 hapa kwetu kampuni 27 za kubeti hazikuongezewa leseni, Safaricom ikaambiwa izifungie namba za paybill, na kufikia Septemba SportPesa na Betin zikawa zimesimamisha kazi Kenya. Wiki ile kibandani nilikuwa naulizwa swali moja kutwa, "Ami, pesa yangu ilio mle natoaje?" Sikuwa na jibu. Kulikuwa na kijana wa boda alikuja asubuhi akaja na jioni, kama vile mie ndo nimeshika ufunguo.

Sasa weka saiti upande huu na waleti upande huu. Waleti za Skrill na Neteller kwa miaka mingi ndo zilikuwa uti wa mgongo wa poka ya mtandaoni, unatoa kwenye saiti inaingia waleti haraka, mara nyengine siku hiyo hiyo, na pesa ikishafika waleti imetoka mikononi mwa kampuni ya kamari, ukitaka unaipeleka saiti nyengine bila kupitia shilingi. Hilo peke yake linaishinda saiti mbali. Lakini kuna mawili. La kwanza ni makato yaliyojificha kwenye reti, mie kila nikibadilisha dola kwenda shilingi nilikuwa naliwa karibu 4% na haiandikwi kama ada, inakuwa ndani ya reti, mpaka ulinganishe na reti ya siku hiyo ndo unaona. La pili ni kwamba watu wana Skrill na wana Neteller wanadhani wana milango miwili. Zote mbili ni za kampuni moja, Paysafe. Mwenye nyumba ni mmoja, akiamua nchi yenu haitaki basi utafungiwa huku na kule kwa barua moja. Na waleti nayo yafungwa, Januari 2007 Neteller ilijiondoa Marekani baada ya waanzilishi wake wawili kukamatwa, wateja wakakaa na pesa zimeganda kwa miezi.

Kwa hiyo waleti naipenda kama njia ya kupitia. Kulaza mtaji wote humo, hapana.

Kadi ntapita haraka. Ile kadi ya Visa ya M-Pesa iliyokuja 2022 ni nzuri kununulia vitu vya mtandaoni, ila malipo ya kamari yana namba yake ya biashara, 7995, na benki nyingi duniani zikiiona hiyo namba zinakataa. Hata ikikubali leo kuweka, kutoa kurudi kwenye kadi mara nyingi hakuna. Mlango wa kuingilia usio wa kutokea, mie hata siuhesabu.

Kripto ndo pazito, na ndo wengi wenu mnakoambiwa mkimbilie, basi nikae hapa kidogo.

Tukisema kripto kwa kazi hii tunamaanisha sarafu inayoitwa USDT, manake thamani yake imefungwa na dola, mtaji wako haupandi na kushuka kama Bitcoin wakati wewe unajaribu kuhesabu viingilio. Ubora wake ukilinganisha na waleti ni kwamba hakuna ofisi ya kukwambia nchi yako haipatikani, unayo mwenyewe kwenye simu yako, unaipeleka saa nane ya usiku. Ubovu wake ni kwamba kosa lote ni lako. USDT inapita mitandao tofauti, anwani ya Tron inaanza na herufi T na ya Ethereum inaanza na 0x, ukichagua mtandao usio sawa na wa huko unakotuma unaweza kuipoteza na hakuna wa kumpigia. Na ukiiweka kwenye waleti yako mwenyewe ya Tron lazima uwe na TRX kidogo, sarafu ya mtandao wenyewe, ya kulipia makato, la sivyo dola zako zipo unaziona na huwezi kuzisogeza hata kidogo. Usiziache pia kwenye soko la kubadilishia ukasema ziko kripto, walioacha zao kwenye soko la FTX lililoanguka Novemba 2022 wanajua, hapo umerudi kule kule kwenye kukopesha kampuni.

Alafu kuna kule kuigeuza iwe shilingi, na hapa ndo wetu wengi wanaumia. Unauza USDT kwa mtu, yeye anakutumia M-Pesa, wewe unaachia sarafu. Ukishaachia imeenda. Mwezi uliopita alikuja kijana wa Barani kibandani, simu iko mkononi, kidole kiko juu ya kitufe cha kuachia, akanionyesha mesej, "Ami, hii si imeingia?" Shilingi 11,430, jina, tarehe, salio jipya, kila kitu kimepangwa vizuri. Nikaangalia juu, imetoka namba ya kawaida ya simu, haikuandikwa MPESA. Nikamwambia hebu piga *334# uangalie salio kwanza. Salio lilikuwa shilingi 140. Alikaa kwenye ile benchi yangu nje kama dakika kumi hasemi kitu, jasho linamtoka, manake ile ilikuwa pesa ya kodi ya nyumba aliyoiweka kwenye poka ati aizalishe, na kwa hilo nilimgombeza kama mdogo wangu.

Kwa hiyo ukiuza, salio uliangalie mwenyewe, usiamini mesej, jina la aliyetuma liwe lile lile la kwenye akaunti anayonunulia, likiwa tofauti rudisha pesa na usiachie, kwa sababu mwenye laini anaweza kusema ametuma kimakosa akaomba irudishwe, kupeleka ile mesej 456, namba ya Safaricom ya kuomba pesa irudishwe, ni jambo la sekunde, na wewe unabaki unajieleza.

Na hesabu ya makato ifanyeni, msitoe vidogo vidogo. Mie nilianza na dola 20 kujaribu njia. Makato ya kutuma yalikula 2, nikauza 18 kwa shilingi 127 kila dola, nikapata 2,286 wakati reti ya kawaida ya 129 ingekuwa 2,580. Hiyo ni zaidi ya 11% imeenda. Nilipotoa 150 makato ya kutuma yalikuwa yale yale 2, nikauza 148 kwa 127, nikapata 18,796 badala ya 19,350, haifiki 3%. Jaribio dogo moja ni lazima, silijutii, lakini ukilifanya kila wiki utakuwa unamfanyia kazi mwengine.

Ajenti wa klabu sasa. Hizi apu ambazo unajiunga na klabu ya mtu, unamtumia M-Pesa, anakuongezea chipsi, ukishinda unamwambia anakutumia. Kwa upande wa njia za malipo hakuna kinachoishinda kwa urahisi, ni M-Pesa kwenda M-Pesa, hakuna dola, hakuna kripto, dakika mbili umekaa mezani. Ndo maana watu wanahamia huko wakifungiwa. Lakini apu yenyewe inasema chipsi zake hazina thamani ya pesa, pesa halisi iko kwenye simu ya mtu mmoja ambaye humjui kwa sura, akizima laini yamekwisha. Na mezani watu wawili watatu wanaweza kuwa wamekaa chumba kimoja wakionyeshana karata, nani atakagua? Kwangu hii iko chini ya zote, hata chini ya kuiacha kwenye saiti. Kama lazima, cheza na pesa ya siku hiyo, utoe siku hiyo.

Kuna wanaoniambia basi rudi kwa kampuni zenye leseni ya hapa. Hoja yao ina uzito, leseni ya hapa maana yake una wa kumlalamikia, saiti ya nje haina leseni ya Kenya na ikikudhulumu utalia na nani? Sheria ya kamari nayo imebadilishwa 2025, ile ya 1966 imeondoka, kwa hiyo usimamizi ndo unajipanga upya. Ila tangu Julai 2025 ukiweka pesa inakatwa 5% na ukitoa inakatwa 5%. Weka dola 100, zinaingia 95, zitoe hivyo hivyo bila kucheza hata mkono mmoja, unapata 90.25. Kwa mchezaji wa meza ndogo ambaye faida yake ni nyembamba, hiyo inakula yote. Na poka niliyoikuta mie kwenye nyingi ni ya kucheza na mashine, na mashine huna njia ya kuizidi ujuzi.

VPN. Naulizwa sana. Ujifiche uonekane uko nchi nyengine ambako njia bado ziko. Usifanye. Siku ya kutoa pesa ndo siku wanayoomba kitambulisho na anwani, wakikuta uliingia kwa nchi ya uongo wanafunga akaunti na pesa wanashika na masharti uliyoyakubali yanawapa haki hiyo. Unakuwa umegeuza mlango mgumu kuwa ukuta.

Sasa mezani, manake kulinganisha pa kuweka bila kubadilisha unavyocheza ni nusu ya kazi. Zamani nikipoteza viingilio kumi naongeza kutoka mfukoni, jioni moja tu. Mlango ukishakuwa mgumu, mtaji ulio ndani haujazwi, ni kama mashua iliyotoka na maji ya kunywa ya siku tatu. Watu wanasema viingilio 20 mpaka 30 kwa meza za pesa vinatosha, na vinatosha kama unaweza kuongeza. Kama huwezi, mie naona 40 na zaidi, na hiyo maana yake ni kushuka meza. Tonamenti ndo mbaya zaidi kwa wakati huu, zinataka mtaji wa viingilio mia na zaidi kwa sababu unaweza kukaa wiki nzima bila kupata kitu alafu upate mara moja, na ukiipata hiyo kubwa saiti nzima itataka kukukagua upya kabla ya kukulipa. Meza za pesa unajua kila usiku uko wapi.

Kwa hiyo ukiniuliza wewe ufanye nini, ntakuuliza una kiasi gani. Kama ni dola 30 ama 40, icheze polepole meza za chini kabisa uiache hapo, makato ya kuitoa yataila. Kama ni mia na kuendelea na kripto hujawahi kuigusa, tafuta mtu unayemjua uso kwa uso aliyewahi, ukae naye utoe dola 20 mukitazama pamoja, alafu utoe kubwa mara moja. Kama waleti kwako bado inafanya kazi, usisubiri ifungwe, punguza leo. Na kama pesa iliyo mle ilikuwa ya kodi ama ya karo, itoe yote hata ukikatwa 11%, usirudi.

Na kuna wengine, walinijia watatu, waliponieleza kuwa njia imefungwa niliona kwenye nyuso zao kama wamepumua. Mamangu hataki hata kuisikia hii habari, na najua wengi hapa wanaona hivyo, sitabishana nao. Wewe ukihisi umepumua basi toa kilichobaki ufunge akaunti, hiyo nayo ni njia katika hizi na kwa mtu wa hivyo ndo bora kuliko zote nilizoziandika juu.

Zangu 412 nimezigawa hivi. Ile 20 na ile 150 zimekuja M-Pesa, nikaziweka mbali na floti ya kibanda, floti haiguswi kwa mchezo hata siku moja. Dola 120 nimeomba zije USDT kwenye waleti yangu mwenyewe zikae kama akiba ya kurudishia. 122 nimeziacha saiti, na nimeshuka kutoka meza za dola 10 mpaka za dola 5, kwa hiyo ndani nina viingilio 24 na nje nitakuwa na 24 vyengine. Nitakuwa, manake hiyo 120 niliiomba Jumatatu, leo Alhamisi bado imeandikwa inashughulikiwa, nimeshawatumia kitambulisho mara mbili na bili ya maji, na mpaka iingie sifungui meza hata moja.